Kompyuta ya Kazi ya Nyumbani: Jinsi ya Kuichagua

Mzazi mmoja wa Bariadi ametuuliza jambo ambalo twaona lawahusu wengi, nasi twapenda kulijibu katika ukurasa huu ili faida yake iwaenee wote. Asema kwamba mwanawe amemaliza masomo ya uhasibu chuoni, amerudi nyumbani, kazi ya kuajiriwa hakuipata, na sasa ataka kufungua kazi ya ushauri hapo hapo nyumbani: awafanyie watu hesabu zao, awaandikie maombi yao, awaelekeze katika mambo ya kodi na leseni. Kwa kazi hiyo aomba anunuliwe kompyuta ya kupakata, ile waiitayo watu laptopu. Fedha zilizopo ni zile zilizosalia katika mauzo ya pamba, na katika hizo hizo mna ada ya wadogo zake na bei ya mabati ya nyumba, na mvua haingoji. Mzazi auliza: Je, hiki ni chombo cha kazi au ni mchezo wa vijana? Na kama ni chombo cha kazi, tuchague kipi tusije tukala hasara?

Swali hili ni la mtu mwenye akili. Wako wazazi wasemao "hapana" kwa sababu tu jambo ni geni kwao, na wako vijana wasemao "nataka" kwa sababu tu jambo ni jipya. Wote wawili hawajaitazama kazi. Sisi twasema: kazi ndiyo ichaguayo chombo, wala si chombo kichaguacho kazi. Mkulima hanunui plau kabla ya kujua ana shamba kiasi gani na ana ng'ombe wangapi wa kuikokota.

Je, kazi ipo?

Basi na tuanze hapo. Mkoa wetu wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, nao una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Watu wake wengi ni wakulima wa pamba na wafugaji. Pamba huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, na kila chama kina wanachama, mizani, malipo na madeni ya kuandikwa. Vijana wa Maswa wametengeneza chaki, na wa Meatu wamesindika maziwa. Maonyesho ya Nanenane ya taifa yalifanywa Nyakabindi, karibu na mji wa Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020, na watu wengi waliona huko kuwa mazao yaweza kuwa biashara. Palipo na vyama, vikundi na maduka, hapana budi pawe na vitabu vya hesabu. Na penye vitabu vya hesabu pana haja ya mtu ajuaye kuviandika sawasawa.

Tena, mambo mengi yaliyokuwa yakifanywa kwa karatasi na foleni leo hufanywa kwa mtandao. Tangu mwaka 2018 usajili wa majina ya biashara na makampuni kwa BRELA hufanywa kwa mfumo wa mtandao. Ritani za kodi hupelekwa TRA kwa njia hiyo hiyo. Na tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali hupitia mfumo uitwao NeST, hata kwa fundi seremala atakaye kuiuzia shule madawati. Seremala huyo ajua mbao; mfumo haujui. Akimpata kijana mwaminifu wa kumwelekeza, wote wawili watapata riziki.

Kwa hiyo kazi ipo. Lakini kijana asiridhike kusema "ipo". Kabla hajapewa shilingi moja, na aandike katika daftari majina ya watu watano walio tayari kumpa kazi, na kazi yenyewe ni ipi, na malipo yake kiasi gani. Asipopata hata wawili, basi bado wakati wa kununua haujafika; na aanze kwa kwenda kufanya kazi katika duka la huduma za kompyuta mjini, ajulikane kwanza.

Huenda mtu akasema: si simu yatosha? Simu yatosha kupeleka habari na kupiga picha ya risiti. Ama jedwali la wanachama mia mbili, au mchanganuo wa biashara wa kurasa ishirini, kuuandika kwa kidole gumba juu ya kioo kidogo ni kuitafuta makosa kwa makusudi.

Somo kutoka historia ya nchi yetu

Kununua mashine bila ya kupima kazi na wajuzi si kosa la vijana peke yao. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha iliwekewa kompyuta, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika Tanzania. Mashine za siku hizo zilijaza chumba, na hiyo ilitarajiwa iwe msaada katika hesabu za Serikali. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa: gharama zilikuwa kubwa, wenyeji wenye ujuzi wa kuiendesha walikuwa wachache, na matokeo hayakulingana na fedha zilizotoka. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, na ikapita miaka mingi kabla marufuku hiyo haijalegezwa.

Twalitaja jambo hili ili msomaji aone kwamba mashine haina baraka ndani yake yenyewe. Ikiwa Wizara nzima iliweza kuingia hasara, kaya yenye magunia machache ya pamba yapasa kuwa na hadhari zaidi.

Chombo hiki huchukua amana

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote, na wauzaji wa kompyuta hawalisemi. Mshauri hapokei kazi tu. Hupokea siri za watu. Kwake huja nakala za vitambulisho, namba za mlipakodi, majina ya wanachama na madeni yao, na pengine hesabu za mirathi ya familia iliyofiwa, ambamo haki ya mjane na ya yatima zimeandikwa. Yote hayo hukaa ndani ya kompyuta moja. Basi kompyuta ya mshauri si kama televisheni ya nyumbani. Ni sanduku la amana.

Hata sheria ya nchi yaliona hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yamtaka mwenye kukusanya habari za watu azilinde na azitumie kwa lile alilopewa tu. Na kwetu Waislamu, kuhifadhi amana ni jambo tulilofundishwa kabla ya kujua kusoma.

Mtu akilishika jambo hili, kuchagua kutamwia kwepesi. Hataanza kwa kuuliza: Ipi ing'aayo? Ipi nyembamba? Ipi ichezayo sinema vizuri? Atauliza: Ipi isiyoweza kunipotezea kazi ya watu? Na jibu la swali hilo lina sehemu nne.

Kwanza, moyo wa mashine na umri wake. Wengi wetu hatuna uwezo wa kununua mpya, nasi hatuoni aibu katika kununua iliyotumika. Kompyuta iliyotumiwa ofisini, yenye umbo nene na imara, mara nyingi hushinda mpya ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa plastiki nyepesi. Lakini pana mpaka wa umri. Programu mama ya Windows 10, iliyokuwa imeenea sana, iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na waliojiandikisha waliongezewa muda hadi Oktoba 2026 tu. Mashine isiyopata marekebisho hayo huendelea kuwaka, lakini ni kama nyumba ambayo komeo lake limejulikana na wezi. Windows 11 yahitaji mashine mpya zaidi: kwa prosesa za Intel, kwa jumla ni kizazi cha 8 na kuendelea, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kizazi chaweza kusomwa katika nambari yake. Iliyoandikwa i5-6300U ni ya kizazi cha 6, basi iache, hata ikiwa bei yake yavutia. Iliyoandikwa i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11.

Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, isipungue gigabaiti 8. Windows 11 hukubali hata 4, lakini kukubali si kufanya kazi. Mwenye kufungua jedwali na kurasa za mtandao kwa pamoja atakaa akingoja. Kwa kazi ya hesabu na maandishi 8 zatosha, na 16 ni raha. Kijana asidanganyike kununua mashine ya wachezaji wa michezo au watengenezaji wa filamu. Hiyo bei yake ni kubwa, hula umeme mwingi, nayo haitamwongezea hata mteja mmoja.

Pili, ghala la ndani. Ziko diski za zamani zenye sahani izungukayo, na ziko za SSD zisizo na kitu kiendacho ndani yake. Chagua SSD, walau ya gigabaiti 256. Hufanya mashine iwe nyepesi, na tena hustahimili mtikisiko. Mwenye kubeba kompyuta kwa pikipiki kutoka Bariadi hadi kijiji cha ndani cha Itilima ataelewa tusemalo.

Tatu, betri. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, lilipangwa kutoa megawati 2,115, nasi twashukuru. Hata hivyo bwawa halizuii nguzo kuanguka wala radi kupiga, na kanda yetu hii ya Ziwa ina radi nyingi. Basi pima betri kwa hesabu. Betri nyingi za mpakato zikiwa mpya huwa na kiasi cha wati-saa 50. Kazi ya kuandika hula kama wati 10. Gawanya: ni saa 5. Betri iliyochakaa ikabakiwa na asilimia 60 ina wati-saa 30, yaani saa 3. Iliyobakiwa na asilimia 20 ni saa 1, na hiyo si betri. Katika Windows iko amri, powercfg /batteryreport, ambayo huandika uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Mwambie muuzaji aiendeshe mbele yako. Akikataa, amekwisha kukujibu.

Nne, mahali pa kutengenezea. Mashine ya aina isiyojulikana, hata ikiwa nzuri, ikiharibika utamtafuta fundi na kipuri mpaka uchoke. Nunua aina ambazo mafundi wa Bariadi na Mwanza wazijua. Nauli ya kwenda Mwanza na siku utakazopoteza ni sehemu ya bei, ijapokuwa hazikuandikwa katika risiti.

Sokoni

Ukifika dukani, usiwe na haraka. Iwashe mashine, ikae imewaka nusu saa huku ukiandika. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Chomeka flashi katika kila tundu. Sikiliza feni, kwa maana vumbi la kiangazi na la pamba huiziba. Tazama kioo kama kina mistari. Ijaribu kamera na spika, kwani wateja wengine watataka mazungumzo ya mtandaoni. Kisha izime na uiwashe tena, uangalie kama yataka neno la siri la ofisi iliyokuwa ikiimiliki. Kompyuta iliyofungwa na mwenyewe wa kwanza yaweza kukugeukia siku usiyoijua, na pengine ilitoka kwa njia isiyo ya haki. Mwisho, dai risiti ya EFD, na nambari ya mashine iandikwe humo, na muda wa dhamana utajwe kwa siku.

Hapa twapenda kuwakumbusha wauzaji na wanunuzi jambo la dini yetu. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita katika soko la Madina, akatia mkono katika chungu ya nafaka akakuta chini mna umajimaji, akamlaumu mwenye kuuza kwa kuuficha. Betri iliyokufa chini ya kifuniko king'aacho ni nafaka ile ile. Muuzaji na aseme aibu ya kitu chake. Mnunuzi naye, akiikuta aibu ya kale aliyofichwa, ana haki ya kurudisha. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii hutakiwa airudishe upesi, wala asiendelee kuitumia mwezi mzima kisha aje kulalamika.

Ama fedha zenyewe: kununua kwa mafungu kwa bei moja iliyokubaliwa tangu mwanzo, isiyoongezeka kwa kuchelewa, ni jambo ambalo wanachuoni wengi wameliruhusu. Mkopo wenye riba ni jambo jingine, nasi hatumshauri mtu aanze riziki yake kwa mlango huo. Halmashauri zetu, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Hutolewa hasa kwa vikundi. Basi vijana wenye elimu mbalimbali waweza kuungana. Na kila deni liandikwe, hata kati ya baba na mwana, kama tulivyoagizwa katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Usimalize fedha zote kwa mashine. Tukizigawa sehemu kumi, saba ziwe za kompyuta, mbili ziwe za diski ya nje, begi lenye sponji na kifaa cha kukinga umeme kama kile cha jokofu, na moja ibaki kwa dharura na bando la mtandao. Mwenye kununua mashine ya sehemu kumi hukosa hata nauli ya kumfuata mteja wa kwanza.

Baada ya kununua

Kazi ya kila mteja iwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje iwekwayo nyumba nyingine, kwa ndugu au jirani mwaminifu, na moja mtandaoni. Moto au mwizi akiingia chumba kimoja, asichukue vyote. Diski hiyo na kompyuta zifungwe kwa neno la siri. Programu za wizi zisitiwe humo. Mara nyingi huja na virusi, na mtu hawezi kulinda mali ya watu kwa kitu alichonyang'anya watu. Iko programu ya LibreOffice, itolewayo bure kwa halali, nayo hufanya barua na majedwali vizuri.

Na wenye nyumba nao wana wajibu wao. Kompyuta hiyo isiwe ya kila mtu. Wadogo wasipewe wachezee, wageni wasiikalie kuangalia mpira. Pawe na meza yake na saa zake. Watu wa nyumbani wajue kwamba anayekaa hapo yuko kazini, ijapokuwa hakuvaa viatu. Jambo hili twalisisitiza zaidi kwa mabinti na akina mama, ambao kazi ya namna hii yawafaa sana, lakini kila dakika tano huitwa kuangalia chungu. Makosa ya hesabu huzaliwa katika kuitwa-itwa huko.

Basi twamjibu mzazi wetu hivi. Ukiona daftari lenye majina ya wateja, usikatae. Nunua iliyotumika yenye afya, ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye RAM ya 8, SSD na betri iliyopimwa mbele ya macho yako. Usiguse ada ya wadogo zake, maana elimu yao nayo ni amana juu yako. Andikianeni kwamba fedha hizi ni deni, na kwamba atakurudishia kidogo kidogo tangu malipo yake ya tatu. Si kwa kumdhiki, bali ili ajue thamani yake. Usipoona daftari hilo, mpe muda wa msimu mmoja, wala usimvunje moyo.

Nawe kijana, ujue kwamba mzee wako hakuuliza maswali kwa kukudharau. Pamba ile aliipalilia kwa mgongo wake. Siku seremala au mjane atakapoleta karatasi zake mbele yako, naye ajua hatazipoteza wala hutazitangaza, hapo ndipo utakapokuwa umeipata biashara. Na mashine iliyo mezani, iwe mpya au iliyotumika, hatakuuliza habari zake.

Wabillahi taufiq.